Dirisha Limeenda Wapi? Kutatua Matatizo ya Tagi katika dwm na Jamaa Zake

Mtu anayeacha mazingira ya kawaida ya Linux na kuhamia kidhibiti kinachopanga madirisha bega kwa bega bila kuyapandanisha huzoea upesi kufanya kazi bila kipanya, lakini huchelewa kuzielewa tagi. Anaona tarakimu 1 hadi 9 kwenye mwambaa wa juu na kudhani amepewa maeneo tisa ya kazi, kila moja likiwa na kuta zake. Katika dwm, kidhibiti cha aina hiyo kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2006, katika awesome iliyochipuka kutoka kwake mwaka 2007, na katika river inayotumia Wayland (mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini), dhana hiyo ndiyo chanzo cha taabu nyingi zinazoelezwa hapa. Tagi ni alama inayobandikwa juu ya dirisha, na dirisha moja laweza kubeba alama kadhaa. Muuzaji wa nguo wa soko la Gikomba anaweza kuwa mwanachama wa vyama vitatu; chama chochote kikiitisha mkutano, yeye yupo, na hakuna anayedhani kwamba wako watatu. Vivyo hivyo, unapobonyeza tarakimu 3 huendi mahali popote, bali unakiambia kidhibiti kikuonyeshe kila dirisha lenye alama ya 3.

Mifano mingi hapa ni ya dwm kama inavyotoka kiwandani, bila viraka (marekebisho ya msimbo ambayo mtumiaji huongeza), kwa sababu ndiyo iliyo wazi zaidi. Panapotofautiana na nyingine nitasema. Kitufe nitakachokiita Mod ni Alt katika dwm na ni kile chenye nembo ya Windows katika awesome. Mod pamoja na tarakimu huonyesha tagi hiyo peke yake. Mod, Ctrl na tarakimu huiongeza tagi hiyo kwenye zile zinazoonekana tayari, au huiondoa. Mod, Shift na tarakimu hulipa dirisha ulilolishika, yaani lile linalopokea unachoandika, tagi hiyo moja na kulivua nyingine zote. Mod, Ctrl, Shift na tarakimu huliongezea dirisha tagi hiyo au kuliondolea. Ni vyema kuvijaribu vinne hivi kwenye dirisha la terminali tupu kabla ya kuendelea, kwa kuwa karibu kila tiba iliyo hapa chini hutumia mojawapo.

Dalili: dirisha linanifuata katika kila tagi

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia mara nyingi zaidi kutoka kwa watumiaji wapya hapa Nairobi, na pia ndilo linalofundisha mengi zaidi. Mtu amefungua terminali ili afuatilie kumbukumbu za majaribio ya malipo ya M-Pesa. Anahamia tagi 1 kusoma barua pepe, terminali ipo. Anahamia tagi 5 kuandika nyaraka, terminali ipo, nayo imemnyang'anya nusu ya skrini.

Anza kwa kuangalia badala ya kubahatisha. Lishike dirisha hilo, kisha tazama mwambaa. Kando ya tarakimu za tagi zenye madirisha kuna kiboksi kidogo: kikiwa kitupu, maana yake ni kwamba lipo dirisha lenye tagi hiyo; kikiwa kimejazwa rangi, dirisha ulilolishika sasa ndilo lenye tagi hiyo. Watu wengi hutumia dwm kwa muda mrefu wakidhani viboksi hivi ni mapambo, ilhali ndicho chombo bora cha uchunguzi ulicho nacho. Ukiona viboksi vilivyojaa kwenye tarakimu zote tisa, umeshapata jibu: dirisha hilo lina tagi zote.

Limezipataje? Mara nyingi si kwa kuamriwa. Kanuni ya dwm ni kwamba dirisha jipya ambalo halijatengewa tagi katika usanidi (faili ya mipangilio yake) hupewa tagi zote zinazoonekana wakati linapofunguka. Mtu amebonyeza Mod na 0, amri inayoonyesha madirisha yote kwa pamoja, ili atafute kitu fulani. Kabla hajarudi kwenye tagi moja, akafungua terminali. Wakati ule tagi zote tisa zilikuwa zinaonekana, kwa hiyo terminali ikazaliwa nazo zote. Jambo hilohilo hutokea kwa kiasi kidogo zaidi unapokuwa umeongeza tagi 3 juu ya tagi 2 kwa Mod na Ctrl: kila kitakachofunguliwa hapo kitakuwa na tagi 2 na 3. Chanzo kingine, ingawa ni cha nadra, ni kukosea kati ya Mod na 0 na Mod, Shift na 0, kwa maana hii ya pili hulipa dirisha lililoshikwa tagi zote mara moja.

Tiba ni fupi: lishike dirisha, bonyeza Mod, Shift na tarakimu ya tagi unayoitaka, nalo litabaki na hiyo pekee. Kinga ni kujizoeza kurudi kwenye tagi moja kabla ya kufungua programu nyingine. Katika awesome mwenendo ni uleule, lakini huko angalia kwanza kama dirisha halijawekwa hali ya kunata, kwa sababu upau wake wa kichwa una kitufe kinacholifanya lionekane kwenye tagi zote, na ni rahisi kukigusa bila kukusudia. Waundaji wa river waliliona tatizo hili na wakatoa amri ya `spawn-tagmask`, ambayo huchuja tagi ambazo dirisha jipya linaweza kurithi. Kwa maoni yangu hilo ni suluhisho zuri kuliko kumtegemea mtumiaji akumbuke.

Kuna dalili jirani inayowasumbua wanaojaribu kulivua dirisha tagi moja baada ya nyingine: tagi ya mwisho inakataa kutoka. Hapo hakuna hitilafu. Dirisha lisilo na tagi yoyote lisingeweza kuitwa tena, kwa hiyo dwm hupuuza amri hiyo.

Dalili: nimefungua programu, au nimebofya kiungo, na hakuna kilichotokea

Kabla ya kufungua programu mara ya pili na ya tatu, tazama mwambaa. Ikiwa kiboksi kipya kimejitokeza kwenye tagi nyingine, programu imefunguka huko. Usanidi wa awali wa dwm una kanuni inayokipeleka kivinjari cha Firefox kwenye tagi 9, na wengi huijenga dwm kutoka kwenye msimbo wake bila kuisoma sehemu hiyo ya faili. Ikiwa badala yake kisanduku cha tarakimu fulani kimegeuza rangi, dirisha la huko linakuita. Ndivyo inavyokuwa unapobofya kiungo ndani ya barua pepe iliyo tagi 1 ilhali kivinjari kiko tagi 9: kivinjari huomba kipewe nafasi ya mbele, lakini dwm haimruhusu mgeni kukukatiza kazi, hivyo hukujulisha kwa rangi tu. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara, maana anayeandika msimbo hataki kuhamishwa skrini na programu isiyo mkononi mwake. Katika awesome kuna njia ya mkato ya kulifikia dirisha linaloita, nayo ni Mod na u.

Usipoona dalili yoyote kwenye mwambaa, bonyeza Mod na 0 ili kila kitu cha monita hiyo kionekane, tembea kati ya madirisha kwa Mod na j au Mod na k, na ukilifikia dirisha ulilolitafuta, soma kiboksi kilichojaa. Kisha bonyeza Mod na Tab ili urudi ulikokuwa. Kumbuka onyo lililotangulia: usifungue chochote kabla ya kurudi.

Sababu nyingine ni visanduku vya mazungumzo. Dirisha dogo la kuhifadhi faili hurithi tagi za dirisha lililolizaa, wala halifuati kanuni za usanidi. Ukianza kupakia stakabadhi kwenye tovuti ya kodi kisha ukahamia tagi nyingine wakati kivinjari bado kinajivuta, kisanduku cha kuchagua faili kitafunguka kwenye tagi ya kivinjari. Rudi huko, utakikuta.

Dalili: kanuni niliyoiandika haifuatwi

Hapa chanzo huwa ni jina. Fungua terminali, andika `xprop`, bofya dirisha husika, na utafute mstari wa `WM_CLASS`. Utaona maneno mawili: la kwanza ni la nafasi ya `instance`, la pili ni la nafasi ya `class`, na katika faili ya usanidi ya dwm safu hizo zimepangwa kinyume chake, `class` ikitangulia. Watu wengi huzibadilisha bila kujua. Tena, dwm hutofautisha herufi kubwa na ndogo: kanuni yenye `Firefox` haitaligusa dirisha linalojitambulisha kama `firefox`. Kwa upande mwingine, inatosha jina uliloandika liwe sehemu ya jina kamili, kwa hiyo `firefox` italipata pia dirisha la `firefox-esr`, na hilo lafaa kwa wanaotumia Debian.

Ikiwa jina ni sahihi na bado kanuni haifanyi kazi, huenda programu hiyo hujitaja baada ya dirisha lake kuonekana. Kidhibiti husoma kanuni mara moja tu, dirisha linapojitokeza. Jina linalokuja sekunde moja baadaye limechelewa. Hali hii ni ya kawaida hasa kwa kanuni zinazotegemea kichwa cha dirisha, kwa sababu vichwa hubadilika kila mara. Tegemea `class` kila inapowezekana, na kwa terminali, zianzishe kwa jina maalumu ambalo utaliweka katika kanuni.

Dalili: nimeandika 9, dirisha limekwenda tagi 1 na tagi 4

Tarakimu katika kanuni si namba ya tagi. Ni jumla ya biti, ambapo kila tagi ina thamani yake: tagi 1 ni 1, tagi 2 ni 2, tagi 3 ni 4, tagi 4 ni 8, tagi 5 ni 16, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili hadi tagi 9 ambayo ni 256. Ukiandika 9, umeandika 8 na 1, yaani tagi 4 na tagi 1, na kidhibiti kimetii ulichosema. Ndiyo maana usanidi huandika `1 << 8` kwa tagi ya tisa: hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo toa moja kutoka kwa namba ya tagi. Ukitaka dirisha liwe kwenye tagi 2 na 3, andika `1 << 1 | 1 << 2`.

Katika river, kosa hili hujitokeza hata kwenye vitufe, kwa kuwa mtumiaji wa toleo la 0.3 huandika amri zake mwenyewe. Anayefunga kitufe cha 3 kwa `set-focused-tags 3` ataonyeshwa tagi 1 na 2 kwa pamoja, na tagi 3 haitaonekana. Alipaswa kuandika 4. Mbili za kwanza zinapofanya kazi vizuri, kosa hujificha hadi afike ya tatu.

Dalili: vitufe vya tarakimu havihamishi tagi

Tofautisha kwanza kama vimekataa vyote au baadhi. Ikiwa unabonyeza tarakimu zilizo upande wa kulia wa kibodi kubwa, zile za mahesabu, hizo kwa kidhibiti ni vitufe vingine kabisa, na hazimo katika usanidi wa awali. Tumia safu ya juu.

Ikiwa safu ya juu nayo imekataa, uliza mpangilio wa kibodi. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa katikati ya jiji, kuanzia Luthuli Avenue hadi Moi Avenue, zilitumika kwanza Ulaya, na kati yake zimo zenye kibodi ya Kifaransa. Katika mpangilio huo, safu ya juu hutoa alama na herufi kama é, na tarakimu hupatikana kwa kushika Shift. dwm hutafuta kitufe ambacho hutoa 1 bila Shift, haikipati, nayo hunyamaza. Kibodi ya Kijerumani haina shida hii, kwa sababu tarakimu zake hutoka bila Shift. Una njia mbili: kuendesha `setxkbmap us`, inayoweka mpangilio wa Kimarekani, na kuyapuuza maandishi yaliyochapwa juu ya vitufe, kwa maana kompyuta hufuata mpangilio uliouchagua, au kubadilisha majina katika `config.h`, faili ya usanidi ya dwm, `XK_1` ikawa `XK_ampersand`, `XK_2` ikawa `XK_eacute`, na kadhalika. Aliyezoea kuandika kwa vitufe hivyo achague njia ya pili. awesome hutambua vitufe hivi kwa nafasi yake kwenye kibodi, hivyo haiathiriki.

Ikiwa vitufe vinafanya kazi lakini kivinjari kimepoteza vyake, kwa mfano Alt na 2 haibadilishi tena kurasa zilizofunguliwa, ni kwa sababu dwm imevichukua kabla havijakifikia kivinjari. Badilisha `Mod1Mask` (Alt) iwe `Mod4Mask` (kitufe chenye nembo ya Windows). Ningemshauri kila mtu afanye hivyo siku ya kwanza, na hasa anayetumia kihariri cha Emacs, ambacho hutegemea sana Alt.

Na ikiwa umebadilisha usanidi lakini vitufe vya zamani ndivyo vinavyofanya kazi, tatizo liko kwenye ujenzi. Ulihariri `config.def.h`, yaani faili ya usanidi wa awali, wakati `config.h` ipo? Hiyo ya pili ndiyo inayosomwa, na haiandikwi upya ikishakuwapo. Uliendesha `make clean install` ili kuijenga upya? Ulitoka na kuingia upya? Amri ya `readlink /proc/$(pidof dwm)/exe` itakuambia ni faili ipi inayoendeshwa sasa hivi. Ikijibu `/usr/bin/dwm`, unatumia ile ya kifurushi cha usambazaji, ilhali uliyoijenga mwenyewe iko `/usr/local/bin`. Jibu likimalizika kwa neno deleted, faili imebadilishwa lakini ya zamani bado inaishi kwenye kumbukumbu, ingia upya.

Dalili: nilipunguza tagi, na sasa tarakimu zilizobaki zinanirudisha nyuma

Hili huwashangaza hata wenye uzoefu. Mtu ameacha tagi tano katika orodha lakini hakufuta mistari ya vitufe vya 6 hadi 9. Anapobonyeza Mod na 7, dwm hukata biti isiyo na tagi, inabaki sifuri, na amri ya kuonyesha yenye sifuri ndiyo ileile iliyofungwa kwenye Mod na Tab. Kwa hiyo anarudishwa kwenye mwonekano uliotangulia. Futa mistari hiyo. Kagua pia kanuni: iliyoelekeza dirisha kwenye tagi ambayo haipo tena haitatoa onyo, ila dirisha litafunguka pale ulipo. Ukitaka kwenda upande wa pili na kuongeza tagi, kikomo ni 31, na ukikipita programu itakataa kujengwa.

Dalili: Mod na Tab hainipeleki ninakotarajia

dwm hukumbuka mionekano miwili tu, wa sasa na uliotangulia, na Mod na Tab hubadilishana kati yake. Haina historia ndefu. Zaidi ya hapo, kuongeza tagi kwa Mod na Ctrl hubadilisha mwonekano wa sasa papo hapo bila kuuhifadhi wa awali. Tuseme ulikuwa tagi 1, ukaenda tagi 2, kisha ukaongeza 3. Mod na Tab itakurudisha tagi 1. Ukiibonyeza tena utakuta 2 na 3 kwa pamoja, wala si 2 peke yake. Ukishalijua hili, unaweza kulitumia kwa faida: mfasiri mwenye matini tagi 2 na kamusi tagi 3 huongeza 3 anapohitaji neno, na kuiondoa kwa vitufe vilevile akimaliza, bila kuligusa dirisha lolote.

Dalili: nikibadilisha mpangilio katika tagi moja, zote zinabadilika

Katika dwm mpangilio wa madirisha, upana wa sehemu kuu na idadi ya madirisha yaliyomo ni mali ya monita, si ya tagi. Anayetaka kila tagi iwe na wake atumie kiraka cha `pertag`, au ahamie awesome, ambako ndivyo ilivyo bila kiraka.

Dalili: baada ya kuchomoa projekta, madirisha yamechanganyika

Kila monita katika dwm na awesome ina seti yake ya tagi, na dirisha ni la monita moja kwa wakati mmoja. Tagi 1 ya kompyuta na tagi 1 ya projekta ni vitu viwili, jambo linalowachanganya waliotoka xmonad, kidhibiti kingine cha aina hii, ambako monita zote hugawana maeneo yaleyale. Katika mkutano, hamisha mkazo wako kwenda monita nyingine, katika dwm, kwa Mod na nukta au Mod na mkato. Ongeza Shift ili ulipeleke dirisha huko. Waya ukichomolewa na monita ikazimwa kwa amri ya `xrandr`, dwm huyarudisha madirisha yake yote kwenye monita ya kwanza pamoja na tagi zake. Hati iliyokuwa tagi 4 ya projekta sasa iko tagi 4 ya kompyuta, ikiwa imebanana na iliyokuwapo. Hakuna kilichopotea: nenda tagi hiyo, lishike dirisha lililoingia, na ulipe tagi yake kwa Mod na Shift. Wanaowasilisha kazi mara kwa mara wanaweza kuepuka usumbufu huu kwa kutumia upande wa projekta tagi ambayo hawaitumii kamwe upande wa kompyuta, kwa mfano ya 8.